Chungu cha Maniema Kusini: Historia ya Wali, Sombe na Jamaa za Kasongo na Kabambare

KASONGO, Maniema. Siku ya harusi, katika mji wa Kasongo kama katika kijiji cha Kabambare, wageni wanakula wali. Siku ya kawaida jamaa inakula bugali wa mihogo na sombe. Watoto wanakua wakijua hivyo, na hakuna anayewaeleza sababu. Lakini sahani hizo mbili zina historia ndefu. Ndani yake mna misafara ya pembe na watumwa, mna serikali ya kigeni, mna pamba, mna uasi wa 1964 na vita iliyoanza 1996. Na katika kila kurasa ya historia hiyo mna mama aliyekaa mbele ya mafiga matatu, akijiuliza leo atawapa watu nini.

Wanahistoria wameandika sana juu ya wakubwa waliopita hapa: Tippu Tip, Sefu, Dhanis, Gongo Lutete. Juu ya waliowapikia wakubwa hao wameandika kidogo. Hata hivyo jeshi halitembei bila chakula, na mji haujengwi bila shamba. Ukifuata njia ya chakula, utaiona historia ya Maniema Kusini kwa upande ambao haupo katika orodha ya vita na majina ya magavana.

Mihogo nayo ilikuwa mgeni

Wazee wengi husema mihogo ni chakula cha mababu. Ni kweli, lakini si cha mababu wote. Mihogo, muhindi, karanga na viazi vitamu vilitoka Amerika. Wareno walivileta kwenye pwani ya Atlantiki kuanzia karne ya 16, kisha mbegu na vipande vya miti vikapita mkono kwa mkono, soko kwa soko, hadi vikafika katikati ya Afrika. Kabla ya hapo watu wa nchi hii walitegemea ndizi, viazi vikuu, mtama na ulezi, pamoja na samaki, nyama ya pori, uyoga na kumbikumbi wa wakati wa mvua. Mchikichi haukuhitaji kuletwa na mtu. Ni mti wa misitu ya Afrika yenyewe, na mafuta yake ya mawese ndiyo yamebaki chini ya kila mboga mpaka leo.

Mihogo ilipokelewa kwa sababu ina tabia ambayo nafaka haina: inangoja. Mtama ukikomaa lazima uvunwe, la sivyo ndege wanaumaliza. Mhogo unaweza kubaki ardhini miezi mingi, na mwenye shamba akachimba anachohitaji siku hiyo tu. Adui anaweza kuchoma ghala, lakini kuchimba shamba zima la mihogo ni kazi ya siku nyingi. Tabia hiyo moja imeokoa watu wa Kasongo na Kabambare mara nyingi, kama itakavyoonekana mbele.

Mihogo michungu ina sumu, kwa hiyo ilikuja pamoja na elimu yake. Inatiwa majini siku tatu au nne mpaka ilainike, inamenywa, inaanikwa juani, inatwangwa, unga unachekechwa. Majani yake, yaani sombe, yanatwangwa katika kinu na kuchemshwa kwa muda mrefu mpaka ile harufu kali iishe. Ndipo mawese, kitunguu, pilipili na chumvi vinaingia, na kama ipo, karanga ya kusaga au ndagala. Hakuna shule iliyofundisha kazi hiyo. Mabinti waliijua kwa kukaa karibu na mama zao na mashangazi zao, na anayeiharakisha anaweza kuwaletea watu wake ugonjwa.

Soko la wanawake

David Livingstone alifika katika nchi ya Kabambare, aliyoiandika Bambarre, mwezi wa tisa wa 1869. Alikaa huko muda mrefu kuliko alivyotaka, kwa sababu vidonda vya miguu vilimzuia kutembea kwa miezi mingi. Mwishoni mwa mwezi wa tatu wa 1871 alifika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, ambako wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walikuwa wamefanya kituo.

Alichokishangaa Nyangwe ni soko. Wanawake walikuja kwa mamia na kwa maelfu, wengine kwa mitumbwi kutoka ng'ambo, wakibeba unga na mihogo, samaki, mawese, chumvi, pilipili, kuku na vyungu. Walibishana bei kwa furaha, mwenye samaki akitafuta mihogo, mwenye chungu akitafuta mafuta. Aliandika pia kwamba hata vijiji vikiwa na vita kati yao, wanawake wa soko walipita bila kuguswa. Yaani kulikuwa na sheria, na sheria hiyo ililinda chakula na wanaokibeba.

Tarehe 15 mwezi wa saba 1871 sheria hiyo ilivunjwa. Watu wa misafara wenye bunduki walifyatua risasi katikati ya soko. Wanawake wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazama, na wengi wakachukuliwa na maji ya Lualaba. Hesabu aliyopewa Livingstone ilikuwa kati ya watu 330 na 400. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliongeza nguvu ya wale waliotaka soko la watumwa la Unguja lifungwe, na lilifungwa mwaka 1873. Unguja wanakumbuka mwaka huo. Nyangwe wana sababu ya kukumbuka kwamba waliolipa walikuwa mama waliokwenda kutafuta mboga.

Mpunga wa Waungwana

Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, alijiweka Kasongo katikati ya miaka ya 1870. Kasongo ikawa mji mkubwa wa misafara, na Kabambare ikawa kituo katika njia ya kwenda Ujiji na ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu zilipita njia hiyo kwenda pwani, na watu pia, wakiwa na minyororo shingoni. Watu wa vijiji waliwaita wavamizi hao Matambatamba, jina ambalo bado linatajwa kwa uchungu.

Waliokuja na misafara walizoea wali, na kwa hiyo walileta mpunga. Wasafiri waliopita Nyangwe katika miaka ya 1870 waliuona ukilimwa. Ardhi iliupokea vizuri, kwa maana mpunga wa mlimani hauhitaji mabwawa wala mifereji. Unategemea mvua tu. Miembe, mipera, michungwa na miwa nayo ilienea kandokando ya miji ya Waungwana.

Lakini nani alilima? Si wafanyabiashara. Mashamba yalilimwa na watumwa na watu walio chini ya mabwana hao, na wengi wao walikuwa wanawake waliotekwa. Hao hao ndio waliotwanga mpunga na kuupika. Wengine walifanywa masuria, wakazaa, na watoto wao wakakua wakiitwa Waungwana, wakisema Kiswahili na kuswali. Jamaa nyingi za Kasongo leo zina damu ya pande zote mbili: ya aliyeshika bunduki na ya aliyefungwa kamba. Jambo hilo si rahisi kulisema katika kikao cha ukoo, lakini chakula chenyewe kinalisema.

Sikiliza maneno ya jikoni. Sahani, sukari, birika, pilau: hayo yalikuja na misafara, na asili yake ni Uarabuni na Uajemi. Sombe na bugali ni maneno ya bara. Mama mmoja anayatumia yote katika sentensi moja bila kufikiri kwamba anaunganisha bahari na msitu. Hata namna ya kupika ilibadilika njiani. Pwani wali unapikwa kwa tui la nazi. Mnazi ni mti wa pwani, na haukuhamia Maniema kama mpunga ulivyohamia. Basi wali wa hapa ulikutana na mawese, karanga na sombe. Mtu wa Unguja angeshangaa kuona sombe juu ya wali, lakini mtu wa Kasongo anauliza wali utaliwa na nini kingine.

Safari ilikuwa pia ya kwenda upande wa pili. Watu wa nchi hii, watumwa kwa wapagazi, walifika Ujiji, Tabora, Unguja na baadaye Dar es Salaam, ambako waliitwa Wamanyema. Wajukuu wao wapo huko mpaka leo, na jina la Maniema limebaki kwao kama jina la kabila, ingawa babu zao walitoka katika makabila mengi: Wabangubangu, Wazimba, Wakusu, Wagengele na wengine.

Mji ulioachwa

Vita kati ya Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II na mabwana wa misafara ilianza 1892. Tippu Tip alikuwa amekwisha kurudi Unguja, na Sefu, mwanawe, ndiye aliyebaki Kasongo. Nyangwe ilianguka mwanzoni mwa mwezi wa tatu wa 1893, na Kasongo tarehe 22 mwezi wa nne. Kabambare ilichukuliwa mwezi wa kwanza wa 1894.

Sidney Hinde, daktari Muingereza aliyekuwa katika jeshi la Dhanis, aliacha habari za mji huo ulivyokuwa ulipotekwa. Alisema aliwahi kupita ndani ya shamba moja la mpunga kwa saa moja na nusu akiwa amepanda mnyama. Msomaji anaweza kuhesabu mwenyewe ni majembe mangapi yalihitajika kwa shamba kama hilo, na ni migongo mingapi iliinama. Waliolima hawakupata uhuru wa kula walichokilima. Jeshi jipya nalo lilikuwa na njaa, lilikuwa na maelfu ya wafuasi nyuma yake, na lilikula nchi iliyolipokea.

Baadaye mji ulihamishwa, na mahali pa zamani pakaitwa Tongoni. Tongo ni mahali palipokaliwa na watu kisha pakaachwa.

Siku sitini za pamba

Ubelgiji ilichukua Kongo kutoka mikononi mwa Leopold mwaka 1908. Mjeledi haukutoweka, na jembe likapata bwana mwingine. Pamba ilijaribiwa mapema katika Maniema, upande wa Nyangwe. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, sheria iliruhusu serikali kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao iliyoyataka, mpaka siku sitini kwa mwaka. Wakati wa Vita ya pili, mwaka 1942, siku hizo zilifanywa 120. Kati ya vita hizo mbili kampuni ya Cotonco na wenzake ndio walionunua, kwa bei ambayo mlimaji hakuipanga.

Katika karatasi za serikali, mlimaji alikuwa mwanaume, mwenye kitabu cha kodi. Shambani alikuwepo pamoja na mke wake na watoto, kwa sababu hakuna mwanaume aliyeweza kupanda, kupalilia, kuchuma na kuchambua pamba peke yake. Na pamba haikungoja. Ilitaka kupaliliwa wakati ule ule ambao mashamba ya chakula yalitaka kupaliliwa. Jioni mama alirudi amechoka, na pamba hailiwi.

Hapo mihogo ilionyesha tena tabia yake. Katika sehemu nyingi za Kongo ya pamba, jamaa ziliacha mazao yanayotaka kazi nyingi zikaongeza mihogo, kwa kuwa inavumilia magugu na inangoja mwenye shamba apate nafasi. Watu hawakufa njaa, lakini chakula chao kikawa cha aina chache. Bugali hujaza tumbo, ila bila samaki, karanga au maharage hauwapi watoto nguvu ya kutosha. Hivyo sahani ya kila siku inayoonekana leo kuwa desturi ya milele ilipata nafasi yake kubwa kwa sehemu kutokana na amri za pamba.

Mpunga nao uliingia katika mazao ya amri na ya biashara. Reli ya Kindu mpaka Kongolo, iliyopita Samba ng'ambo ya Lualaba, ilifungua njia ya kutoa mchele, na migodi ya bati ya Kalima na sehemu nyingine ilikuwa na wafanyakazi wa kulishwa. Mchele ukawa fedha: fedha ya kodi, ya nguo, ya chumvi, ya ada ya shule. Kitu kinachouzwa ili kulipa kodi hakipikwi ovyo siku ya Jumanne. Kiasi kidogo kiliwekwa pembeni kwa siku ambayo jamaa ilitaka kuonyesha heshima yake. Ndiyo sababu mojawapo ya wali kuwa chakula cha furaha: ulikuwa mlo ambao watu waliulima wote, na waliula kwa nadra.

Furaha ina harufu ya mchele mpya

Mvua zinaanza mwezi wa tisa. Shamba linafyekwa na kuchomwa kabla ya hapo, katika kiangazi, kisha mbegu zinaingia ardhini. Mpunga ukianza kufunga, watoto wanatumwa kulinda ndege. Wanakaa siku nzima wakipiga makelele na kutupa mawe, na huko ndiko wanakojifunza hadithi na utani. Mavuno yanafanywa kwa kisu, suke kwa suke, na wanawake wanasaidiana: leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Mchele mpya una harufu yake, na jamaa zinaingoja. Waislamu, ambao ni wengi katika Kasongo kuliko karibu mahali pote pa Kongo, wanaupika siku za Idi na Maulidi. Wakristo wanaupika Noeli na Bonane. Nyumba nyingi zina wote wawili ndani yake: shangazi anafunga Ramadani, mtoto wa ndugu anaimba katika kwaya. Basi sahani zinavuka uwanja. Siku ya Idi jirani Mkristo analetewa wali na nyama ya mbuzi, na siku ya Noeli sahani inarudi, si tupu. Kanuni moja inaheshimiwa na wote: nyama ichinjwe na Mwislamu, ili kila mtu apate kula.

Harusi ina kazi zake. Mama wa ukoo wanafika siku mbili kabla, kila mmoja na kisu chake. Wenye umri wanakaa kivulini wakichagua mawe katika mchele na kutoa amri. Wasichana wanachota maji, vijana wa kiume wanapasua kuni. Bibi arusi mwenyewe, akifika kwa wakwe, atapimwa kwa sombe yake kabla ya kupimwa kwa maneno yake. Mama mzazi naye, baada ya kujifungua, analetewa uji na chakula cha moto, na hashiki jembe mpaka wakubwa wamruhusu.

Kilio pia kina chungu chake. Nyumba yenye msiba haiwashi moto peke yake. Majirani wanaleta unga, kuni, chumvi na mafuta, na wanapikia watu wanaolala nje. Hapo hapikwi cha kujionyesha. Bugali na mboga vinatosha, na anayekula hasemi kitu juu ya ladha. Kwa mtu wa Maniema Kusini, kupikiwa siku ya kilio ni ushahidi kwamba bado ana watu.

Kutoka 1964 mpaka Zairianizasio

Uhuru ulifika tarehe 30 mwezi wa sita 1960, na amri za pamba zikapoteza nguvu. Lakini miaka minne baadaye uasi wa Simba uliingia Maniema. Kindu ilianguka mikononi mwa waasi tarehe 24 mwezi wa saba 1964, na jeshi la serikali pamoja na mamluki likairudisha mwezi wa kumi na moja. Katika Kasongo na Kabambare watu wengi walikimbilia porini. Neno hilo, kukimbilia porini, liliingia katika lugha ya kila jamaa. Maana yake ni kupika usiku ili moshi usionekane, kula viazi vya mwitu, na kurudi kwa siri kuchimba mihogo katika shamba la nyumbani.

Amani ya Mobutu ilileta pumziko, kisha ikaleta tatizo lingine. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja 1973 Zairianizasio iliondoa biashara mikononi mwa wageni na kuwapa watu wengine, wengi wao wasio na uzoefu wa kazi hiyo. Maduka yalikauka. Malori ya kununua mchele yakapungua, barabara zikaachwa, na chumvi na sabuni zikawa bidhaa za kutafutwa. Mlimaji aliyekuwa na magunia hakuwa na mnunuzi.

Miaka hiyo hiyo jina la Kasongo lilijulikana mbali kwa sababu nyingine. Kuanzia 1971 Taasisi ya Tiba za Nchi za Joto ya Antwerp ilishirikiana na wenyeji katika mradi wa afya ya msingi, wenye vituo karibu na watu na hospitali moja ya kuvisaidia. Mfano huo ulichangia katika kuunda zoni za afya ambazo nchi nzima inazo leo. Watafiti wa mradi walichunguza pia chanjo ya surua kwa watoto wa miezi 7 mpaka 35, na mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo. Watoto waliochanjwa waliokoka zaidi, lakini watafiti waliona faida hiyo ikipungua kadiri watoto walivyokua, na wakauliza kama waliookolewa na surua walichukuliwa baadaye na magonjwa mengine kwa sababu ya udhaifu. Wataalamu wengine waliwapinga, na mabishano yakaendelea. Kwa mama wa Kasongo swali lenyewe halikuwa geni: mtoto anahitaji sindano, na anahitaji pia kitu katika sahani.

Sombe bila chumvi

Vita ya 1996 ilipita haraka. Ile iliyoanza mwezi wa nane 1998 ilikaa. Kindu ilichukuliwa na waasi wa RCD mwezi wa kumi mwaka huo. Katika Maniema Kusini miji ilikuwa chini ya RCD na wanajeshi wa Rwanda, na vijiji na misitu chini ya Mai-Mai. Kati ya pande hizo mbili palikuwa na mashamba.

Hapo ndipo sheria ile ya zamani, ya kumwacha mwanamke abebe chakula chake apite, ilivunjwa tena, na kwa ukatili kuliko awali. Mwanamke aliyetoka mjini kwenda shambani alishukiwa na upande mmoja, na aliporudi na kikapu alishukiwa na upande mwingine. Wengi walibakwa njiani au shambani. Wengi waliacha kulima. Aliyelima karibu na nyumba alipata kidogo, na kidogo hicho mara nyingi kilichukuliwa na wenye silaha. Mbuzi na kuku walikwisha kwanza, kisha mbegu.

Kila anayekumbuka miaka hiyo anataja chumvi. Mihogo ilikuwepo, sombe ilikuwepo, lakini chumvi, sabuni na nguo zilikuja kwa ndege au kwa vijana waliosukuma baisikeli siku nyingi porini, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Watu walikula sombe iliyochemshwa kwa maji tu. Wengine walirudia njia ya mababu ya kuchoma majani na kuchuja majivu yake ili kupata kitu cha kuonja. Uchunguzi uliofanywa na shirika la IRC mashariki mwa Kongo katika miaka hiyo ulionyesha kwamba waliokufa kwa risasi walikuwa wachache kuliko waliokufa kwa homa, kuhara na utapiamlo. Kwa maneno mengine, vita iliua zaidi ndani ya nyumba, karibu na mafiga.

Serikali ya mpito iliundwa katikati ya 2003, na taratibu watu walirudi kwenye mashamba. Waliorudi walianza na vipande vya miti ya mihogo walivyoombana kwa majirani. Mpunga ulichelewa, kwa sababu mbegu yake ilikuwa imeliwa.

Kabambare ya leo, na walio mbali

Kasongo ilipata utulivu kuliko Kabambare. Upande wa Salamabila, karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, mapigano ya miaka ya 2018 na 2019 kati ya jeshi na kundi la Mai-Mai Malaika yalisukuma watu kutoka vijijini. Kabambare ilipokea pia waliokimbia kutoka Fizi na kutoka Tanganyika. Waliopokelewa hawakuwekwa katika kambi kubwa. Wengi waliingia katika nyumba za watu. Methali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wenyeji wanajua kumpa jembe, lakini jembe linahitaji shamba salama. Bila hilo, chungu kilichotosha watu saba kinapikia kumi na watano, na mama wa nyumba anakula wa mwisho.

Dhahabu yenyewe ina neno lake katika jambo hili. Kijana anayechimba anapata fedha kwa wiki, huku mpunga ukitaka miezi. Wanaume wakienda kwenye mashimo, kufyeka kunabaki kwa wanawake, na shamba linapungua ukubwa. Ni hadithi ya pamba kwa sura nyingine: kitu kisicholiwa kinachukua mikono ya chakula.

Wengine wa nchi hii wako mbali. Katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, iliyofunguliwa 1996, wamo watu wa Kabambare pamoja na wengi wa Kivu Kusini. Huko mgao ulikuwa unga wa muhindi na maharage, na Wakongomani wamekuwa wakiuza sehemu ya mgao ili wapate unga wa mihogo. Waliopelekwa Marekani wananunua sombe iliyogandishwa katika maduka ya Waafrika na kuipika siku ya Jumapili. Watoto waliozaliwa huko wanaijua ladha, ingawa hawajaona kinu.

Kinachobaki kufanywa

Karibu kila utawala uliopita hapa ulichukua chakula na kuacha maandishi juu yake mwenyewe: kumbukumbu za Tippu Tip, kitabu cha Hinde, ripoti za pamba, ripoti za vita. Mama waliolima shamba lile la saa moja na nusu hawakuacha karatasi. Waliacha mbegu, waliacha namna ya kutwanga, waliacha desturi ya kurudisha sahani isiyo tupu.

Urithi huo uko vichwani mwa wazee, na wazee wanapungua. Majina ya aina za mpunga, mimea ya majivu ya chumvi, uyoga unaoliwa na ule unaoua, mihogo ya kutiwa maji siku tatu na ile inayoliwa mbichi: yote haya yanaweza kupotea katika kizazi kimoja, hasa pale ambapo watu wamehamahama na msichana hakukaa karibu na bibi yake. Daftari moja la shule na kalamu vinatosha kuanza. Walimu wa Kasongo na Kabambare wanaweza kuwatuma wanafunzi wakaulize nyumbani, kila mmoja alete jibu la bibi yake kwa lugha ya bibi yake.

Mvua za mwezi wa tisa zikikaribia, swali la kwanza katika vijiji vingi vya Kabambare litakuwa kama njia ya shamba inapitika. Mwanamke wa soko la Nyangwe, kabla ya tarehe ile ya 1871, alijua kwamba hata vita ikiwa kali yeye na kikapu chake watapita. Jamaa za Maniema Kusini bado zinadai haki hiyo.